Jirani Mwema na Mtungi wa Maji

Mtu akiugua katika vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Ujiji na kusini yake, majirani hawangoji kuitwa. Mmoja huchukua ndoo ya mwenye nyumba akaenda kuteka maji; wa pili huwasha moto na kupika uji; wa tatu huwaangalia watoto na kugeuza dagaa walioanikwa mchangani. Wala hakuna anayedai ujira. Desturi hii ni njema sana, nayo yalingana na mafundisho ya Islam, ambayo yamempa jirani haki juu yetu, awe wa imani yetu au asiwe. Lakini msaada huo una sharti lake, nalo ni usafi. Mikono inayosaidia bila kunawa yaweza kuutoa ugonjwa katika nyumba moja na kuupeleka katika nyumba kumi.

Tuchukue mfano wa kipindupindu. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka katika kinyesi na matapishi ya mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula, na mwishowe katika kinywa cha mwenye afya. Mgonjwa huharisha maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele, naye aweza kufa kwa muda wa saa chache, kwa kuwa mwili wake umeishiwa maji na chumvi. Zaidi ya hayo, wapo wanaobeba vijidudu hivyo bila kuugua. Kwa hiyo mtu asidanganywe na weupe wa maji ya ziwa: kuwa maangavu si kuwa salama.

Watu wa Kigoma waliyaona haya kwa macho yao. Mwezi wa Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji kidogo cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalitekwa ziwani. Kipindupindu kikazuka, watu wapatao 3,000 waliugua na zaidi ya 30 walifariki, wakiwemo wenyeji. Meli ya Liemba na maboti yaliwachukua watu hao kuwaleta Kigoma, safari ya saa kadhaa majini. Fikiri, ndugu yangu: ugonjwa unaua kwa saa chache, na hospitali iko mbali kwa saa kadhaa. Basi uhai wa mgonjwa hutegemea kwanza wale walio karibu naye.

Ng'ambo ya ziwa, katika mji wa Uvira nchini Kongo, wataalamu walilinganisha habari za maji ya bomba na hesabu ya wagonjwa tangu mwaka 2009 hadi 2014. Wakaona kwamba maji ya bomba yalipokatika, walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka katika siku zilizofuata. Sababu yake si ngumu kuifahamu: bomba likikauka, watu hurudi ziwani na mitoni, na maji ya kunawia huwa haba.

Tena tusidhani kwamba kuuguza ni kazi ya waganga peke yao. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kilikuwa kikiua karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Maji ya kutundikia yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Walionywesha, kikombe baada ya kikombe, walikuwa jamaa na rafiki za wagonjwa. Vifo vikashuka hata chini ya 4 katika kila 100. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu alivyoweka rehema kubwa katika kitu kidogo!

Wala mambo haya si mageni katika dini yetu. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliagiza vyombo vifunikwe usiku, alimwagiza aamkaye anawe mikono kabla ya kuitia chomboni, na alikataza watu kwenda haja penye maji wanayoyatumia wengine. Anayeyashika maagizo haya huwa amewakinga jirani zake pia.

Basi, uendapo kumsaidia jirani, shika mambo haya:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, na kama haipo, kwa majivu: kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mgonjwa, na kila umalizapo kumsafisha.

Pili, maji ya kunywa yachemke kabisa, kisha yatiwe katika mtungi wenye kifuniko. Tumia kata yenye mkono mrefu, vidole visiguse maji.

Tatu, kwa anayeharisha, mpe dawa ya ORS. Kama haipatikani, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee. Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa.

Nne, ukiona macho yamedidimia, au amelegea na hawezi kunywa, mpelekeni kituo cha afya mara moja, nanyi mkiendelea kumnywesha njiani maadamu aweza kumeza. Huyo ahitaji kutundikiwa maji.

Tano, kinyesi na matapishi yatupwe chooni, na nguo zake zisifuliwe ziwani wala kisimani.

Huenda mtu akaona haya kumwambia mwenzake, "Nawa kwanza," akihofu kumwudhi. Haya ya namna hiyo haifai, kwa maana udhia wa neno hupita, lakini kaburi la mtoto halifukuliwi. Sema kwa upole, nawe utangulie kunawa ili wengine wafuate.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa majirani ambao kuja kwao nyumbani kwa mgonjwa ni shifa, wala si hatari. Amin.