Umbo Kwanza, Matumizi Baadaye
Mwongozo wa kuandika nafasi za jengo kwa wamiliki wa nyumba, mafundi na watendaji wa vijiji, Mbulu na Hanang

Agosti 20, 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, na malalamiko hayakuchelewa. Wapangaji walinunua umeme wakakuta uniti zimepungua kwa kodi isiyo yao. Wenye nyumba wenye mita zaidi ya moja kwenye jengo moja walijikuta wakikatwa mara mbili, mara tatu. Katika kelele zile, jambo moja liliwapita wengi: mkato ule haukuuliza jengo linafanya kazi gani, uliuliza limejengwaje. Nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na ghorofa la mjini shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Mwenye nyumba awe analala humo au anauza saruji, kiwango kilifuata umbo. (Misamaha ipo, ikiwemo ya wazee na ya nyumba za makazi za udongo au nyasi. Masharti yake yaulizwe TRA.)

Umbo na matumizi ni mambo mawili, na kuyachanganya ndilo kosa ambalo kijitabu hiki kimeandikwa kulikomesha.

Chukua nyumba ya barabarani pale Katesh. Mbele ina fremu mbili zenye milango mipana ya chuma. Katikati kuna korido, kushoto na kulia vyumba vya kulala, na nyuma kuna kibaraza chenye paa la bati na nguzo nne, wazi upande mmoja, panapopikiwa. Ua umezungushiwa ukuta, hauna paa. Mwulize mwenye nyumba, atajibu: maduka mawili, vyumba vinne, jiko. Jibu hilo ni la matumizi. Mwakani fremu moja itakuwa saluni, chumba cha nyuma kitakuwa stoo ya mahindi, na kumbukumbu yote itakuwa imepitwa na wakati. Kuta zile, paa lile na nguzo zile nne zitakuwa palepale.

Kwa hiyo anayeandika aanze na maswali ambayo jicho na futi vinaweza kuyajibu. Je, nafasi ina paa? Imezungukwa na kuta pande zote, au upande mmoja uko wazi? Sakafu iko juu ya ardhi, sawa na ardhi, au imezama? Ni mahali pa kukaa au pa kupita, kama korido na ngazi? Majibu yakishaandikwa, ndipo jina la matumizi liwekwe kwenye safu yake. Asiandike “duka” panapoulizwa umbo. Asiandike “jiko” panapoulizwa umbo.

Utaratibu huu haukubuniwa jana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12006-2, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa 2015, kinaweka misingi ya kupanga taarifa za ujenzi. Mfumo wa OmniClass wa Amerika Kaskazini umetenga majedwali mawili kabisa: Jedwali la 13 kwa nafasi kulingana na kazi yake, na la 14 kwa nafasi kulingana na umbo lake. Waliotenga majedwali hayo walijua kwamba ukumbi mmoja unaweza kuwa darasa asubuhi na kanisa Jumapili.

Mbulu walilijua hilo kabla ya majedwali. Katika nyumba za zamani za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo juu ya paa bapa, watu na mifugo waliishi chini ya paa moja. Wazee husimulia kuwa nyumba hizo zilijengwa hivyo ili wavamizi wasizione kwa mbali. Mbinu hiyo ingemnasa hata mwandikaji wa leo: paa linalolingana na ardhi huonekana kama kiunga cha shamba. Akiuliza matumizi tu, ataambiwa “tunalala na ng'ombe” na hatajua aweke alama wapi. Akiuliza umbo, jibu liko wazi: nafasi iliyofungwa, nusu yake imo ardhini, mlango uko upande wa bonde.

Kuzama huko ardhini ndiko kunakoachwa zaidi, na hapa hakuna utani. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walipoteza maisha, na baadaye nyumba mpya zaidi ya 100 zilijengwa eneo la Waret kwa waathirika. Tope halijali kama chumba kinaitwa sebule au stoo. Linaingia palipo chini na palipo wazi. Kumbukumbu inayosema “vyumba vinne” bila kutaja kwamba kimoja kimechimbwa ubavuni mwa mlima haimsaidii mwokoaji. Sakafu ikiwa chini ya usawa wa ardhi, iandikwe. Hata kama ni stoo tu, iandikwe.

Nchi imeshaonyesha kwamba kazi hii inawezekana, na ni haki kujipongeza. Sensa ya Agosti 23, 2022 haikuishia kuhesabu watu 61,741,120. Kwa mara ya kwanza iliambatana na sensa ya majengo, yakahesabiwa 14,348,372. Lakini jengo likishahesabiwa haliachi kubadilika, na kinachoongoza kwa kubadilika ni kibaraza. Baridi ya Mbulu ikibana, mwenye nyumba huziba upande uliokuwa wazi kwa tofali za kuchoma, anaweka dirisha, mtoto anahamia humo. Kwenye karatasi bado ni kibaraza. Siku tofali la mwisho linapowekwa, umbo limebadilika: fundi achukue vipimo upya, mwenye nyumba arekebishe ramani, na mabadiliko yafikishwe kwa mtendaji kabla plasta haijakauka.