Kazi za nyuma ndani ya ordinatere



Juma lililopita kurasa mbili za gazeti hili zilipotea. Wengi wanasema ni virusi. Sivyo. Ni sisi wenyewe, na tunataka kueleza ilivyokuwa ili isirudie.

Ordinatere ilikuwa inatembea polepole sana. Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, orodha ya kazi ikafunguka. Ndugu mmoja mdogo akapiga kelele: «Yaya, tazama! Huyu njo mwizi, anakula 95 kwa mia!» Tena tukaona jina svchost.exe mara nyingi. Tukasema: hawa hatukuwaita, tuwafukuze. Tulifunga mmoja tu, mashini ikazimika. Kazi hatukuwa tumeihifadhi.

Basi, tujifunze.

1. Kazi ya nyuma ni nini? Ni programu inayotumika bila kutuonyesha dirisha. Tufikiri internati yetu: mpishi anawasha moto tukiwa tungali tunalala, na mlinzi anakesha. Darasani hatuwaoni. Lakini ukiwafukuza, asubuhi hakuna uji.

2. svchost.exe ni kama gari linalobeba watumishi wa Windows: wa saa, wa sauti, wa intaneti na wengine. Tangu 2017, katika Windows 10 yenye RAM zaidi ya 3,5 GB, watumishi wengi wanapewa kila mmoja gari lake. Njo maana jina linarudia. Si ugonjwa.

3. Mustari wa «Processus inactif du système» haiko mwizi. Unaonyesha wakati ambao prosesa haina kazi. 95 maana yake prosesa inapumzika! Ikishuka karibu na 0, hapo njo iko na kazi nyingi.

Sasa upole ulitoka wapi? Tulipowasha tena tulitazama safu ya diski: 100 kwa mia. Programu ya kulinda mashini ilikuwa inapima faili zote. Kungoja kidogo kungetosha.

4. Mwizi wa kweli naye yuko, juu virusi inaweza kujipa jina la mtumishi. Basi bonyeza jina kwa upande wa kuume wa panya, ufungue mahali pa faili. svchost.exe ya kweli inakaa ndani ya C:\Windows\System32. Ukiikuta kwenye flashi ao katika folda ya Temp, usifanye kitu peke yako, mwite mwalimu.

Kwa hiyo: hifadhi kazi kwanza, soma safu zote, uliza, kisha tu ufunge. Na jina usilolijua, hapana kuligusa.

Maulizo:
a) Prosesa ikipumzika 95 kwa mia, mashini inaweza kuwa polepole bado? Kwa sababu gani?
b) Utatambua namna gani svchost.exe ya uongo?

Kurasa zilizopotea tumeziandika upya usiku. Mutusamehe.

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho