Uzi wa Kofia na Skafu: Jinsi ya Kuuchagua

Soma: Waamuzi 6:36–40, Mithali 31:10–25.

Wako wasemao kwamba nchi yetu ya Mpanda haina baridi. Husema hivyo kwa sababu huamka jua limekwisha kupanda. Walinzi wa maghala, wavuvi wa Karema warudio alfajiri kutoka ziwani, na abiria waendao Sumbawanga, mji ulio juu kiasi cha meta 1,800, hao wajua kipupwe cha Juni na Julai ni kitu gani. Lakini ajuaye zaidi, wala hawezi kusema, ni mtoto aliyezaliwa usiku. Kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake, naye huzaliwa akiwa majimaji. Joto lake likishuka chini ya digrii 36.5, waganga huhesabu ya kuwa amekwisha kushikwa na baridi. Kwa hiyo akina mama wa sharika zetu wafumapo kofia, hawafanyi kazi ya mapambo.

Yatupasa kuanza na kosa letu sisi wenyewe. Tulitangaza kanisani ya kwamba sufu ni bora kupita nyuzi zote, basi kofia za watoto zifumwe kwa sufu. Akina mama wakatii, wakachanga fedha, wakafuma kofia nzuri mno, zikapelekwa katika wodi ya wazazi. Huko zilitiwa katika maji ya moto zikasuguliwa sana, kama ilivyo desturi njema ya kuepuka magonjwa. Zikatoka ngumu kama ngozi, ndogo za kutosha kuvishwa chungwa. Mama mmoja mzee akatuletea moja, akaiweka mezani, asiseme neno. Afadhali angalisema.

Sababu yake ni hii. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukiuchemsha na kuusugua, magamba hushikana, uzi hujikunja, wala hakuna awezaye kuurudisha. Hata hivyo tulivyosifu sufu hatukusema uongo. Uzi wo wote hauna joto lake wenyewe; kazi yake ni kushika hewa iliyopashwa na mwili isitoroke. Nywele za sufu zimejipinda-pinda, hushika hewa nyingi. Tena hunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajaona majimaji. Msomaji wa habari za Gideoni akumbuke lile bakuli la maji alilolikamua katika ngozi ya kondoo. Ajabu ya Mungu ilikuwa katika ule ukavu wa nchi kandokando, lakini kwamba sufu yaweza kubeba maji mengi hivyo, kila mchungaji wa kondoo aliijua. (Wengine huchanganya sufu na sufi. Sufi hutoka katika mti wa msufi, ni nzuri kwa mito ya kulalia, lakini haifumwi.)

Lakini kondoo wetu wa huku wana nywele fupi kama mbuzi, hawana sufu ya kusokota. Sufu yatoka mbali, kama nyanda za juu za Kenya au Australia, na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo uzi mwingi uitwao sufu sokoni si sufu, ni akriliki, uzi wa viwandani utengenezwao kwa mafuta ya ardhini, ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1950. Muuzaji huenda hadanganyi, naye aliambiwa hivyo. Basi omba kipande kifupi, toka nje, kishike kwa kibano ukiunguze. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka, ikipoa huacha punje nyeusi ngumu.

Punje hiyo tusiisahau. Mtoto akaaye karibu na mafiga asivikwe skafu ya akriliki, maana ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Kwa mlinzi au mzee aketiye mbali na moto, akriliki yafaa: ni nyepesi, hukauka upesi, haipungui kwa kufuliwa katika maji ya vuguvugu. Tusiidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu. Mwenye kupata sufu na aitumie kwa wasafiri na wavuvi, watu wa umande na mvua.

Na mtoto mchanga? Siku hizi twamchagulia pamba. Pamba hulimwa hata katika mkoa wetu wa Katavi, ni laini, nayo huvumilia maji ya moto. Joto lake ni pungufu, kwa hiyo kofia ifumwe mara mbili, uzi mwembamba, bila kamba wala kifundo cha kumezwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, afungwaye kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi kwa njia iliyoanza Bogotá katika Kolombia mwaka 1978, huvikwa kofia kama hiyo. Jua likiwa kali, mtoto akipata joto, avuliwe.

Wasio na fedha za uzi mpya waende kwenye mitumba. Sweta kuukuu yenye neno wool katika kitambaa cha shingoni yaweza kufumuliwa. Lakini tazama kwanza mshono wa ubavuni: ikiwa ilikatwa kwa mkasi kama nguo ya cherehani, uzi utatoka vipande vipande, nawe utajuta. Uliofumuliwa uzungushwe kwenye mgongo wa kiti, ufungwe mahali penginepengine, uoshwe kwa maji ya vuguvugu, kisha utundikwe na jiwe dogo ili unyoke.

Kofia ya mtoto mchanga yataka kiasi cha gramu 25, ya mtu mzima karibu 100, skafu 200. Nunua madonge yote siku moja, na namba ya rangi iliyo kwenye karatasi ya kila donge iwe moja. Kisha kila kofia iendayo wodini ishikizwe kitambaa kidogo kilichoandikwa uzi wake ni wa namna gani, tena ufuliwe kwa maji gani.