Chaji ya Kilimanjaro Hubebwa Kutoka Chini

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Lemosho hukaa mlimani siku sita hadi nane, analala hemani, na huko hakuna soketi ya kuchomeka chaja. Simu ndiyo kamera yake, ramani yake na kengele yake ya kuamkia. Taa za kichwa nazo nyingi siku hizi zinachajiwa kwa waya wa USB. Dukani ataonyeshwa vitu viwili: sola ya kukunja inayoning'inizwa nyuma ya begi, na pawabenki inayojazwa mjini. Kwa safari ya siku hizo mimi nashauri sola ibaki nyumbani. Chukua pawabenki moja inayotosha, na kutosha kwenyewe kujulikane kwa hesabu.

Hesabu ianze na namba ya kwenye boksi, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Zile mAh 10,000 zinapimwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, wakati tundu la USB linatoa volti 5 au zaidi. Ukizidisha 10,000 kwa 3.7, kisha ukagawanya kwa 1,000, unapata Wh 37, yaani nishati yote iliyomo. Sehemu yake inapotea kuwa joto wakati wa kupandisha volti, kwa hiyo zinazotoka ni kama 31. Simu yenye betri ya mAh 5,000 inabeba Wh 19 hivi, nayo inapoteza kidogo inapochajiwa. Ndiyo maana pawabenki ya 10,000 inaijaza mara moja na nusu tu, wala si mara mbili. Sasa chukua mtu anayezima mtandao na kutumia asilimia 40 ya betri kwa siku. Kwa siku saba anahitaji Wh 53. Akiondoka na simu iliyojaa, zinabaki 34 za kuongezwa. Jumlisha upotevu na taa ya kichwa, zinafika 45. Pawabenki ya 20,000 inatoa kama 60, na ziada hiyo ni akiba ya baridi. Pia iko chini ya Wh 100, kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege kwa betri isiyohitaji kibali, mradi uibebe mkononi na si kwenye mzigo wa chini.

Utajuaje kwamba 20,000 iliyoandikwa ni ya kweli? Ipime uzito. Seli ya duara inayotumika kwenye pawabenki nyingi ina gramu 45 hivi au zaidi, na zile bora kabisa hazizidi sana mAh 3,500. Kufikisha 20,000 kunahitaji seli sita, ambazo peke yake zinakaribia gramu 280, kabla ya kuhesabu kasha na saketi. Hata zenye seli bapa hazipungui sana hapo. Ikiwekwa kwenye mzani wa duka la jirani ikasoma gramu 180, maandishi yanadanganya, hata kama bei inavutia.

Wa sola atasema jua halina bei wala haliishi. Ni kweli, ila tuangalie linavyokipata kile kipande cha begini. Kilimanjaro iko karibu digrii tatu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana ni la utosi. Sola iliyoning'inia wima mgongoni inapata mwanga wa pembeni tu, sehemu ndogo ya wati zake, na wati hizo zilipimwa ikiwa imelielekea jua wazi. Siku ya kwanza uko ndani ya msitu, na mawingu ni ya kawaida mlimani. Ukifika kambini alasiri, limebaki jua la kuegama hadi saa kumi na mbili na nusu. Na bado utahitaji pawabenki ya kutunzia hicho kidogo kilichopatikana. Hoja ya sola ina nguvu kwa mtu anayekaa porini wiki tatu katika kambi moja: anaitandika juani mchana kutwa, na uzito wake unajilipa. Anayetembea kila siku hana nafasi hiyo.

Wengine watauliza kwa nini wasibebe mbili kubwa, kwani mizigo si inabebwa na wagumu, yaani wapagazi? Mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20, na kila gramu unayoongeza iko juu ya shingo ya mtu. Isitoshe, kinachozima simu nyingi kule juu ni baridi, ambayo pawabenki ya pili haiitibu. Betri ya lithiamu ikipoa sana hushindwa kusukuma umeme, na simu inazimika ikiwa bado ina chaji. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaweza kuiharibu. Kwa hiyo chaji jioni, kabla baridi haijaingia, kisha lala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, zikiwa zimechomolewa. Ukiondoka kambi ya Barafu saa sita usiku kwenda kileleni, iweke simu mfuko wa ndani, karibu na kifua. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, itoe, piga picha zako, uirudishe kifuani.