Spika ya Kupigia Prosesa ya Gitaa

Wapiga gitaa wengi wameacha kuhangaika na ampu. Wanakwenda kwenye shoo na gitaa begani na prosesa kwenye mkoba, kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu ambacho ndani yake mna ampu, kabineti, maikrofoni na efekti zote, zikiigizwa kwa hesabu za kompyuta. Line 6 walileta POD mwaka 1998, Fractal Audio wakafuata na Axe-Fx mwaka 2006, na siku hizi hata prosesa ndogo za Zoom na NUX zina sauti ya kuridhisha. Kazi huanza pale sauti inapotakiwa kutoka nje. Chumbani hedifoni zinatosha, lakini dramu zikianza kupigwa unahitaji spika, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Kwanza ieleweke kwamba spika ya ampu ya gitaa haipitishi kila sauti. Chukua Celestion Vintage 30, inayofungwa kwenye kabineti nyingi za muziki wa roki. Kiwandani imeandikiwa masafa ya hezi 70 hadi 5,000. Juu ya hapo sauti inaporomoka, na huko kuporomoka ndiko kunakolifanya gitaa la umeme lisikike limejaa, bila kuwashawasha masikio. Prosesa imeshaigiza tabia hiyo kabla sauti haijafika kwenye waya. Ukiichomeka kwenye ampu ya kawaida ya gitaa, sauti inapita kwenye kabineti mara mbili, ile ya kuigizwa na ile ya mbao, na inatoka kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Wapo wanaozima kabineti ya kuigizwa na kuendelea na ampu zao, na sauti inakuwa nzuri tu. Shida inamfika fundi mitambo akivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye prosesa hiyo hiyo: anapokea mkwaruzo mtupu, kwa sababu kabineti imezimwa na kwake hakuna spika ya gitaa ya kuutuliza.

Kwa hiyo prosesa inataka spika ya masafa yote: wufa ya sauti nzito, twita ya sauti kali, ampu ndani yake, na tabia ya kutoongeza chochote chake. Usihangaike kutafuta spika inayoshuka chini kabisa. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa bila kubonyezwa, ukiwa umetyuniwa kawaida, unatoa takriban hezi 82, na spika yoyote nzuri ya inchi 10 inafika huko bila jasho. Sabwufa ni mali ya mpiga besi.

Madukani utakutana na makundi mawili. Moja ni la spika zilizotengenezwa na kutangazwa kwa ajili ya wapiga gitaa, kama Headrush FRFR-112, Line 6 Powercab na Fender Tone Master FR-12 iliyotoka mwaka 2023. La pili ni spika za kawaida za mitambo ya muziki, zile zinazosimama kwenye stendi harusini na kanisani, kama Yamaha DBR10 au QSC K12.2. Powercab ina ujanja wa kuigiza spika mbalimbali za gitaa, na ile ya Fender ina vitufe vya kurekebisha sauti kama ampu, jambo linalowafurahisha waliozoea ampu. Lakini sioni sababu ya mpiga gitaa wa kanisa au wa bendi ya dansi kulipia zaidi kwa jina la gitaa lililoandikwa kwenye boksi. Spika nzuri ya mitambo itapiga gitaa leo, itabeba sauti ya mwimbaji kesho, na wiki ikiwa haina shoo utaikodisha. DBR10 ina uzito wa kilo 10.5, na mtu wa daladala anajua maana ya namba hiyo.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndipo muuzaji anapopandisha sauti. Spika imeandikwa wati 2,000 mbele kwa herufi kubwa, nawe unaamini itafunika bendi nzima. Mara nyingi hizo ni wati za kilele, zinazodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde. FRFR-108 ya Headrush, yenye wufa ya inchi 8, inatangazwa kwa wati 2,000 za kilele. Za kudumu ni 1,000, na bado ni inchi 8. Halafu kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kidogo. Linganisha ndugu wawili wa Yamaha: DBR10 ni ya wati 700, DXR10 ya kwanza ni ya wati 1,100. Karatasi zao zinasema kiwango cha juu cha sauti ni desibeli 129 kwa DBR10 na 131 kwa DXR10. Wati 400 zimekununulia desibeli 2. Namba ya kuitafuta kwenye karatasi ni hiyo ya desibeli, na hata hiyo ichukuliwe kwa tahadhari kwa sababu kila kiwanda kina namna yake ya kupima.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Inchi 8 inatosha nyumbani na kwenye ibada ndogo. Inchi 10 inafaa watu wengi. Inchi 12 ni ya anayepiga na mpiga dramu asiye na huruma.

Kipimo cha kweli ni masikio, na kuna utaratibu wake. Nenda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ukiwa na gitaa lako, prosesa yako na simu yenye wimbo unaoujua kila kona. Mwambie muuzaji aweke vitufe vyote vya spika katikati na azime zile programu za kunenepesha besi. Cheza wimbo kwanza. Kama sauti ya mwimbaji inatoka puani, au besi inavimba kuliko unavyoijua, spika hiyo ina mambo yake na itayaingiza kwenye gitaa lako pia. Mwombe mtu aongee kwenye maikrofoni. Sikio la binadamu halidanganyiki kirahisi na sauti ya mtu.

Ndipo uchomeke prosesa. Muziki wetu wa rumba, dansi na benga unapigwa kwa gitaa safi, na solo linakaa juu kwenye shingo. Piga sebene kwenye nyuzi mbili nyembamba, kuanzia kibonyezo cha 12 kwenda juu, kwa sauti ya mazoezini. Spika za bei rahisi huwa na kilima kati ya hezi 2,000 na 4,000, sehemu ambayo sikio ni jepesi kuumia, na utakigundua hivi: noti fulani zinachoma huku za jirani yake zikikaa vizuri, ingawa mkono wako umepiga kwa nguvu ile ile. Ukilisikia hilo, iache spika hapo. Anayepiga kwa distoshini atasikia kasoro tofauti, mchuruziko wa juu kama mafuta ya kukaangia, na huo mara nyingi unapona kwa kukata masafa ya juu ya hezi 6,000 au 7,000 kwenye prosesa yenyewe.

Usisimame sehemu moja. Jongea kushoto, jongea kulia, chuchumaa. Twita hurusha sauti kwa pembe yenye mipaka, mara nyingi nyuzi 90 kwa upana na pungufu ya hapo kwa kimo. Ukiiweka spika wima sakafuni nyuma yako, twita inapigia magoti. Wewe utaona sauti ni nzito, utaongeza trebo, na walioketi mstari wa mbele watakatwa masikio. Ilaze kwa mgongo kama monita ili ikutazame usoni, au ipandishe kwenye stendi. Ikikaa sakafuni karibu na ukuta, besi inaongezeka yenyewe. Punguza kila kilicho chini ya hezi 80 au 100 na gitaa litapumua.

Kuna lawama moja ambayo spika huibeba bure. Mtu anatengeneza sauti usiku kwa hedifoni, taratibu, watoto wamelala. Jumapili anaipiga kwa nguvu na kukuta besi inanguruma na trebo inachoma. Watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linasikia besi na sauti kali pungufu kuliko zile za katikati. Kwa hiyo usiku unaongeza zote mbili bila kujua, na sauti ikipanda zinajitokeza zaidi ya kipimo. Dawa ni kutengeneza sauti za shoo kwenye spika ya shoo, kwa nguvu ya shoo, hata kama ni saa moja tu kabla watu hawajafika.

Kwenye kuunganisha, toa waya mmoja kwenda kwenye spika yako na mwingine, wa XLR, kwenda kwa fundi mitambo. Prosesa nyingi kubwa zinaruhusu kitufe cha sauti kigeuze upande wako peke yake. Kwenye Helix ya Line 6 inawezekana. Ukijiongezea sauti jukwaani, mikisa haiguswi, na fundi hatakutazama vibaya. Mwombe azime umeme wa volti 48 kwenye njia yako, na kwenye spika yako chagua laini badala ya maikrofoni.

Mwisho geuza spika usome nyuma. Tanzania umeme ni volti 230 na Kenya 240, ilhali wa Marekani ni 120. Spika nyingi za kisasa zinapokea volti 100 hadi 240, lakini si zote, na ile iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ikiwa na alama ya 120 pekee itaungua dakika utakapoichomeka ukutani bila transfoma. Kwenye jenereta, subiri litulie kwanza, washa prosesa, kisha spika. Ukimaliza, spika izimwe ya kwanza.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni spika moja ya mitambo, ya inchi 10, kutoka kwenye kiwanda ambacho vipuri vyake vinapatikana mjini kwako. Kabla ya kulipa muulize muuzaji ni nani ataitengeneza ikiharibika, na dai risiti yenye namba ya spika hiyo pamoja na muda wa dhamana uliokubaliwa.