Vidokezo 8 vya Kuwinda Pronghoni Katika Nyika za Wyoming

Pronghoni anafanana na swala, ila ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Mbio zake hufikia karibu kilomita 88 kwa saa. Duma ndiye anayempita. Makao yake makuu ni Marekani, katika jimbo la Wyoming, mwendo wa saa chache tu kwa gari kwa ndugu zetu mlioko Denver au Salt Lake City. Unapanga kwenda msimu ujao? Shika haya.

1. Anza na leseni. Nyingi hutolewa kwa kura na idara ya wanyamapori ya jimbo, Wyoming Game and Fish Department, na kila leseni ina eneo lake. Omba miezi kadhaa kabla ya msimu. Kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baadaye, utatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji.

2. Jua ardhi ni ya nani. Sehemu nyingi za Wyoming, ardhi ya umma na ya watu binafsi zimepishana kama miraba ya ubao wa drafti. Nunua ramani nzuri, kisha nenda kabisha hodi kwa mwenye ranchi mapema, wakati wa kiangazi. Kumwendea mtu alfajiri ya siku ya kwanza ya msimu, bunduki begani, si adabu.

3. Ukitumia bunduki, vaa nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa. Ni sheria.

4. Tangulize macho, miguu ifuate. Kinga kubwa ya mnyama huyu ni kuona. Macho yake ni makubwa na yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Ukisimama juu ya kilima, amekwisha kukuona. Keti chini kidogo ya kilele, shika darubini, utafute madoadoa meupe katikati ya vichaka vya kijivu. Akishtuka, manyoya meupe ya makalioni humsimama yote kwa pamoja, yakamweka wazi kwa wenzake walio mbali. Ukiona hivyo, tulia. Kumfukuza ni kujichosha bure. Mara nyingi kundi likiachwa litatulia na kurudi malishoni.

5. Tambaa. Ukiwa barabarani utadhani nyika ni tambarare, kumbe ina makorongo na mikunjo ya kumficha mtu. Panga njia yako ukiwa bado mbali, upepo ukikupiga usoni. Vaa glavu nene na vikinga magoti, maana mipungate midogo imejificha kwenye nyasi na miiba yake haina huruma. Hatua mia za mwisho ni za kifudifudi.

6. Au vizia kwenye maji na seng'enge. Agosti na Septemba, nchi ikiwa kavu, kuketi kutwa kwenye kibanda karibu na birika la mifugo kunalipa, hasa kwa mwenye upinde. Pronghoni ni nadra kuruka uzio. Hupita chini yake. Chunguza waya wa chini: ukikuta manyoya yamenasa na udongo umechimbika kwa kwato, hapo ndipo njia yao.

7. Usifyatue kwa pupa. Nyikani hakuna mti wa kulinganishia umbali, na joto la mchana huleta mazigazi yanayochezesha shabaha. Pima kwa kifaa, egemeza bunduki, na ikiwezekana usogee hadi chini ya mita 200. Bunduki ya .243 Winchester inatosha. Lenga nyuma ya bega, mnyama akiwa amesimama ubavu, na ngoja wenzake wasiwe nyuma yake, kwani risasi moja huweza kuua wawili. Majike nao huota pembe fupi; dume mtambue kwa baka jeusi shavuni. Kwa Mwislamu, bismillah ni kabla ya kufyatua. Ukimkuta yu hai bado, mchinje.

8. Poza nyama haraka. Wanaosema nyama ya pronghoni inanuka, wengi wamekula iliyochelewa juani. Pasua, chuna, weka kwenye barafu palepale. Ikitunzwa hivyo ni laini na tamu, wala haihitaji viungo vingi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mnyama huyu alikuwa karibu kutoweka. Alirudi kwa sababu uwindaji uliwekewa mipaka, na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi imekuwa ikigharamia uhifadhi. Hata hivyo, baridi kali ya 2022 hadi 2023 iliua wengi magharibi mwa Wyoming, na leseni zikapunguzwa. Ukikosa kwenye kura, omba tena mwaka unaofuata. Usiingie nyikani bila leseni.