Gitaa dogo halishiki sauti mlimani

SWALI: Nina gitaa dogo la safari, la nyuzi za chuma. Nikililinganisha Voi linalia vizuri, lakini tukipanda Vuria kupiga kambi, nyimbo za Fadhili William zinatoka kombo. Je, ni bovu?
Msomaji, Voi

JIBU: La hasha, gitaa ni zima. Voi ni joto na kavu. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208 juu ya bahari, kwenye baridi na ukungu. Uzi wa chuma ukipoa hujikaza, sauti ikapanda. Mbao nazo hunyonya unyevu zikavimba. Mkifika, litoe mkobani, lizoee hewa kama nusu saa, ndipo ulilinganishe. Sauti ikiwa juu, legeza uzi upite chini kidogo, kisha ukaze hadi mahali pake, hivyo hautateleza.

Isitoshe, shingo fupi huacha nyuzi zikilegea, na kidole kizito huipotosha noti. Kama mtengenezaji anaruhusu, weka nyuzi nene zaidi: seti ya 12 badala ya 10.

Zaidi ya yote, usiliache garini kwenye jua la Voi. Gundi hulainika, daraja likabanduka, na hapo ndipo utakapohitaji fundi.